Milimita mbili zimeizamisha Nyamisati

Najua nimekuwa kimya, testi zimenibana mpaka nikasahau nywila ya humu ndani. Lakini leo lazima niandike, na leo sitachekeana na mtu. Kama unachapa fulana hapa chuoni, iwe chumbani hosteli au kwa kushirikiana na mwenye steshenari, vuta kiti ukae. Hii inakuhusu.

Hoja yangu ni fupi. Rangi zikipishana kwenye fulana, msiniambie kosa ni la printa. Kosa ni la mtu aliyechapa bila kupima halafu akajisemea "bora liende". Na hiyo bora liende, jamani, huwa kuna mtu anailipia. Mara nyingi ni mtu wa mbali, mwenye hela ya mchango, ambaye fundi ameshaamua moyoni kwamba hataona tofauti.

Ngoja niwape kisa chenyewe ili msiseme napiga kelele hewani. Kule kwetu Nyamisati, wilaya ya Kibiti, unaacha lami pale Bungu, unashuka na barabara ya vumbi mpaka unakutana na maji ya delta ya Rufiji na boti za kwenda Kilindoni, Mafia. Kuna kikundi kidogo cha vijana na kina mama wanaopanda mikoko. Wakachangishana hela za kaa na kamba, wakaagiza fulana 40. Mbele ilikuwa ramani ya delta kwa rangi tatu: bluu ya mito, kijani ya mikoko, nyeusi ya majina na vitone vya vijiji. Kazi akapewa fundi mmoja wa mjini. Jina lake silitaji, maana ugomvi wangu si na mtu mmoja, ni na tabia.

Fulana zikafika. Bluu imesogea milimita mbili, kijani imepinda kama mtu anayetoka kilabuni. Kitone cha Nyamisati kimekaa katikati ya maji. Mjomba wangu, ambaye ndiye mtunza hazina, akanipigia simu. Mie nikamwamkia, hata kuitikia hakuitikia vizuri: "Marahaba mwanangu. Hebu niambie wewe uliye chuoni, hawa watu wametuzamisha kwa makusudi au?"

Nikamtafuta fundi. Nikaongea naye kwa adabu zote. Unajua alinijibu nini? "Dogo, ile ni inkjeti, ndivyo zilivyo. Halafu si fulana za kijijini zile? Nani atashika rula huko?"

Nani atashika rula! Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

HESABU YA MILIMITA MBILI

Tupige hesabu kidogo, maana wengi wenu humu mnajidai watu wa namba. Chukua kilomita 60 za delta uzikalishe kwenye sentimita 24 za kifua cha fulana. Milimita moja inakuwa mita 250. Milimita mbili ni nusu kilomita. Nusu kilomita kwenye delta si kitu cha kupuuza, ndugu yangu. Ndiyo tofauti ya nyumba na mto, ya shamba la mpunga na mikoko.

Watu wa jiografia mtanielewa haraka. Zile picha za setilaiti za Landsat mnazotumia kuangalia mikoko ni tabaka za kijivu zilizopangwa moja juu ya nyingine ndipo rangi zikaonekana, na kila kitone cha picha ni mita 30 ardhini. Hebu mpelekee mwalimu wako kazi ambayo tabaka moja limehama nusu kilomita. Atakurudishia kabla hajamaliza chai yake. Sasa kwa nini kazi isiyofaa kwa mwalimu wa chuo ifae kwa mama wa Nyamisati?

Utasema fulana si ramani ya nahodha. Kweli kabisa. Hakuna atakayeongoza boti kwa kuangalia kifua cha mwenzake. Lakini wale watu hawakununua kitambaa tu. Wangetaka kitambaa wangekwenda mtumbani. Walinunua picha ya kwao. Mwaka 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani. Wageni wanakuja na ramani zao, wanasema mikoko ipo hapa, mpaka upo pale. Kikundi kikataka nacho kije mkutanoni kimevaa ramani yake. Halafu ramani inasema kijiji hakipo, kimeliwa na maji. Ungeivaa wewe?

ETI WATU WA PWANI HAWAONI

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Nani kamwambia fundi kwamba watu wa kwetu hawaoni rangi iliyohama?

Mwende gulioni Kibiti mkamtazame bibi anavyonunua kanga. Haangalii jina peke yake. Anaikunjua, anaangalia pindo, anaangalia mji, anafuata ule mstari mweusi unaozunguka ua aone kama nyekundu imemwagika nje. Ikiwa imemwagika anairudisha mezani bila neno, au anaomba apunguziwe bei. Hajasoma darasa lolote la uchapaji. Macho yake yamesoma.

Au mwangalie mwanamke wa Rufiji anayeshona mkeka. Mkeka ni kili zinazounganishwa moja baada ya nyingine, na zile zenye ukindu wa rangi lazima mapambo yake yakutane. Ukili mmoja ukianza mbele ya mwenzake, ua lote linakatika, na hapo anafumua anaanza upya. Anafumua! Hasemi "ukindu ndivyo ulivyo." Hana umeme, hana kompyuta, na bado hakubali pambo lipishane. Sisi wenye laptopu na shahada inayokuja tunakubali. Aibu si ndogo.

KAZI YENYEWE IKOJE

Kwa wale wasiojua, kuchapa rangi tatu ni kutengeneza picha tatu. Unaitenganisha picha kwenye programu ya kuchorea, kila rangi unaichapa kwa wino mweusi kwenye transparensi yake, kisha kila transparensi unaitumia kuchoma skrini yake kwa mwanga. Mafundi wengine huziita zote negativu, hata zile ambazo weusi wake uko pale pale wino utakapopita, ambazo kwa haki ni positivu. Jina lisikusumbue, kanuni ni moja: picha tatu nyeusi lazima zikae juu ya mahali pamoja. Zikikaa, una ramani. Zisipokaa, una matope.

Na si jambo geni hata kidogo. Mwaka 1861 kule London, James Clerk Maxwell alionyesha picha za utepe wa rangi zilizopigwa mara tatu kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na bluu, akazimulika zikutane ukutani. Miaka kama 50 baadaye Mrusi Sergei Prokudin-Gorsky alizunguka nchi yake akipiga picha tatu tatu, moja baada ya nyingine, kwenye kioo kimoja kirefu. Picha zake zilinunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1948 na leo mnaweza kuziona kwenye intaneti. Angalieni zile za mito. Nchi kavu imetulia, lakini maji yana kingo za rangi rangi, kwa sababu maji yalikuwa yanatembea kati ya picha moja na nyingine. Maji yana udhuru. Fulana haina.

Na mnaona alichofanya yule bwana? Picha zote tatu kioo kimoja. Hapo kuna somo, nitalirudia.

PRINTA HAINA KOSA

Sasa tuje kwenye utetezi wa "ndivyo inkjeti zilivyo". Ni uongo uliovaa koti.

Chukua transparensi zako mbili, zilaze moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, uangalie alama za msalaba kwenye pembe nne. Kama hukuweka alama hizo, acha kusoma, rudi ukaweke kwanza, mistari myembamba, mahali pale pale kwenye kila rangi. Alama zitakuambia ugonjwa ni upi, na magonjwa ni matatu tu.

La kwanza, kusogea. Alama zote nne zimehama upande mmoja kwa kiasi kile kile. Huo si ugonjwa wa kumfanya mtu alie. Sogeza filamu, bandika, maliza. Mara nyingi chanzo chake si hata printa, ni wewe. Kila rangi umeikata kwa ukubwa wake mwenyewe, programu ikaiweka katikati ya ukurasa. Mito ina umbo lake, mikoko ina umbo lake, katikati yake ni tofauti. Mbaya zaidi umeacha ile tiki ya kuifanya picha ijae ukurasa, basi kila rangi imekuzwa kivyake. Dawa: rangi zote kwenye ukurasa wa ukubwa mmoja, alama zile zile, chapa kwa asilimia 100. Haigharimu hata shilingi.

La pili, kupinda. Alama za juu zimehamia kushoto, za chini zimehamia kulia. Transparensi inateleza, na zile raba zinazovuta karatasi zimeichukua mshazari. Kichwa cha wino kinapokwenda kushoto na kulia kinasoma utepe wenye mistari midogo sana, kwa hiyo upande huo kinajua kilipo. Tatizo kubwa ni upande wa kuvuta. Dawa: safisha raba, bana vishikio vya pembeni, lisha karatasi moja moja. Na kama picha ni ndogo, fanya kama Mrusi: rangi zote kwenye karatasi moja, ubavu kwa ubavu, ikipinda zinapinda pamoja, kisha unazikata. Kwa picha kubwa, filamu iliyopinda unaizungusha mpaka alama zikae. Inazungushika.

La tatu ndilo baya: kutanuka. Alama za upande mmoja zinakubali, za upande wa pili zinakataa, na ukizikubalisha hizo zile za kwanza zinakataa. Hapo usogeze, uzungushe, utie dua, haitakaa, kwa sababu filamu moja ni ndefu kuliko nyenzake. Hii inawapata sana wanaochapa kwenye karatasi ya kawaida kisha wanaipaka mafuta ya kupikia ipitishe mwanga. Siwacheki, ni akili ya mtu asiye na hela. Lakini karatasi hunywa unyevu na kutanuka, na hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine kufuata nyuzi zake. Umechapa bluu Jumatatu ya mvua, kijani Alhamisi ya jua, halafu unalaumu printa? Dawa: rangi zote siku moja, pakiti moja ya karatasi, zote zikielekea upande mmoja, na ziache zipumzike chumba kimoja kabla ya kuzioanisha. Ukiweza, tumia plastiki ya poliesta ya kuchapia, hiyo haisumbuliwi sana na unyevu. Pwani yetu mnaijua, hewa yenyewe unaweza kuikamua.

Filamu zikishakubaliana, zifunge pamoja kwa selotepu, zitoboe zote kwa mpigo na panchi ya ofisini. Matundu ya panchi ya kawaida ni milimita 6, yameachana milimita 80. Fundi wa kuchomea akukatie vipande viwili vya nondo ya milimita 6, ile laini ya ringi, uvisimike kwenye ubao kwa umbali huo huo. Sasa kila filamu inakaa kwenye vijiti vile vile, kila skrini inakaa kwenye kona ile ile ya ubao unapoichoma. Chakavu cha nondo, ndugu zangu. Hiyo ndiyo mashine mnayosema hamna.

Na hata baada ya hapo, usichore rangi zigusane ncha kwa ncha kama watu wanaoogopana. Rangi nyepesi iingie kidogo chini ya nyeusi, kama nusu milimita, ili kikosea kidogo kitambaa cheupe kisichungulie. Huu si udanganyifu. Hata fundi seremala hulaza ubao juu ya ubao pale anapojua mti utasinyaa.

MNAOSEMA HAIWEZEKANI

Najua kuna kundi la pili, la wastaarabu zaidi, linalosema: "Kazi ya rangi ipelekwe kwa wenye mitambo mikubwa ya filamu, inkjeti ni ya kuchapia asaimenti." Hawa nawaheshimu lakini sikubaliani nao. Kwa picha ya vitone vidogo vidogo, kama sura ya mtu kwa rangi nne, sawa, wana hoja, pale hata sehemu ya kumi ya milimita inaonekana. Lakini ramani ya rangi tatu bapa? Nembo ya darasa? Jina la timu? Ukisema haiwezekani unamfungia mlango mwanafunzi mwenye printa moja na boom lililoisha tarehe kumi. Na unampa fundi mvivu kisingizio cha bure: "si mnaona, hata wataalamu wamesema."

Kundi la tatu linasema muda ni pesa. Fulana 40 kwa bei ile, nani ana saa mbili za kuoanisha? Hili ni swali la haki na nalijibu kwa haki. Kuoanisha unafanya mara moja, si mara 40. Ukishakaza skrini zako, fulana ya kwanza na ya 40 zinafuata njia ile ile. Saa mbili ugawe kwa 40 ni dakika tatu kwa fulana. Kama bei haibebi dakika tatu, mwambie mteja kabla hujapokea hela. Au mshauri achape rangi moja. Rangi moja iliyokaa vizuri ina heshima kuliko tatu zinazogombana. Delta nyeusi juu ya kitambaa cheupe ingependeza, na Nyamisati ingekuwa nchi kavu.

Na kuna wasanii watakaoniambia kupishana kwa rangi ni mtindo. Ni sawa, kama umechagua wewe na mteja amekubali. Mtindo unachaguliwa mapema. Kinachogunduliwa baada ya hela kuliwa kinaitwa hasara.

KWA HIYO?

Mjomba nimemwambia warudishe fulana zote 40, hata zile tano walizokwisha gawana. Waende nazo pamoja na rula. Fundi akikataa, angalau atakuwa amekataa mbele ya watu kumi na si kwenye simu na "dogo".

Kwenu ninyi, msimu wa mahafali unakuja, na najua vyumba vingi huku vitanuka wino. Ombi langu, na kama hutaki ombi basi lichukue kama shari: usikabidhi kazi ambayo wewe mwenyewe hujailaza mezani ukaikagua. Chapa moja ya majaribio kwenye fulana chakavu, mpigie picha mteja, asubiri, akubali. Na wewe mteja, dai hiyo ya majaribio kabla hujamaliza malipo. Usione haya. Bibi anaikunjua kanga nzima mbele ya muuzaji na hakuna anayemwona mkorofi.

Msiwapangie watu macho. Anayeagiza kutoka Nyamisati, Mbwera au Kilindoni anaona kama anavyoona anayeagiza kutoka Masaki, tofauti ni kwamba yeye nauli ya kuja kulalamika ni kubwa kuliko bei ya fulana. Huo umbali ndio mafundi wengine wanaufanyia biashara, na hilo, wadau, ni wizi wenye rangi tatu.

Mwenye hoja tofauti aniletee, lakini aje na filamu zake mbili mkononi tuzilaze dirishani.

Naomba kuwasilisha.